Gari la pili liandikwe jina la mama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na Waswahili wenzangu tulioko Uingereza, hasa wenye ndoa na wanaofikiria kununua gari la pili. Najua wanakusoma. Hapa Leicester habari zako huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla watu hawajanywa chai, na barua za wasomaji hubishaniwa kuliko siasa.

Neno langu ni hili: gari la pili la familia likatiwe bima kwa jina la mke, hata kama mwaka wa kwanza itagharimu zaidi. Nimelisema kwenye shughuli, nimelisema kwenye mchezo wetu wa kila mwezi, na hakosi baba mmoja wa kunijibu kwamba nawafundisha wanawake kujitenga na waume zao. Sasa nalileta gazetini ili tubishane kwa hesabu.

Kwa wasomaji walio nyumbani niweke msingi kwanza. Huko kwetu wengi tunakata bima ndogo. Bei yake hupangwa kwa aina ya gari. Unalipa, unaendelea na shughuli zako, unaikumbuka tena siku trafiki anapokusimamisha. Huku bei inakutazama wewe mwenyewe. Wanauliza umri wako, kazi yako, mtaa unaoishi, gari linalala uani au barabarani, na juu ya yote hayo wanauliza una miaka mingapi hujadai. Kila mwaka unaoumaliza na bima yako bila kuitaka kampuni ilipe kitu, unaandikiwa mwaka mmoja wa kutodai, na miaka hiyo ndiyo inayoshusha bei. Kila kampuni ina ngazi zake, ila si ajabu mwaka wa kwanza peke yake ukakupa punguzo la karibu asilimia 30, na miaka mitano ikakufikisha 60 au zaidi. Ndiyo maana watu huku wanalitunza punguzo hilo kama hati ya kiwanja.

Ukifika kutoka Dar au Mombasa, hata kama umeendesha miaka ishirini bila kukwaruza mlango, kampuni nyingi hazikuhesabii. Leseni yako ya nyumbani unaruhusiwa kuitumia kwa miezi 12, kisha unaanza upya na leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia na mtihani wa barabarani. Punguzo nalo linaanza sifuri. Sasa angalieni ndoa zetu zilivyo. Mara nyingi mume ndiye aliyetangulia kuja, akatangulia kupata leseni, akanunua gari la kwanza, na bima ikakatwa kwa jina lake. Mke alipofika na yeye akafaulu mtihani, aliongezwa kwenye bima ile ile kama dereva wa pili. Wakati ule ilikuwa busara, tena ilikuwa rahisi.

Lakini dereva wa pili haandikiwi mwaka. Anaweza kuwapeleka watoto shule kila siku, akaenda kazini usiku kwenye barafu, akampeleka mume uwanja wa ndege na kumrudia, na mwisho wa mwaka mwaka ule unaandikwa kwa mwenye bima. Zipo kampuni chache zinazomwekea dereva wa pili kumbukumbu yake, ila mara nyingi ina thamani pale pale kwao tu. Ukiipeleka kampuni nyingine wanakutazama hivi hivi.

Nina shoga yangu, mtu wa Mombasa, ambaye ndiye aliyenisukuma kuandika. Aliendesha gari la mumewe zaidi ya miaka kumi na hajawahi kugonga hata kindoo cha taka. Wakaachana. Sisemi nani alikosa, si habari yangu. Gari lilibaki kwa mume, na yeye akanunua Corsa kuukuu ili aendelee na kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, kazi ambayo bila gari hupewi. Alipoomba bei ya bima, bibi wa kwenye simu akamuuliza ana miaka mingapi ya kutodai kwa jina lake. Hana. Akaeleza mambo yote, mwaka kwa mwaka. Yule bibi akamsikiliza kwa adabu, akaandika sifuri. Bima ya mwaka mmoja ikaizidi bei ya lile gari. Mume wa zamani, wakati huo huo, alitembea na ile miaka yote mfukoni, na baadhi ya miaka hiyo, wallahi, aliyeishika usukani alikuwa mkewe.

Mtu akifiwa, kampuni nyingine humruhusu mjane achukue punguzo la marehemu ikiwa alikuwa dereva wa pili kwenye bima hiyo. Ni hiari yao. Kwenye talaka hata hiari hiyo ni nadra kuisikia.

Kinachonichekesha ni kwamba sheria ilishajaribu kutulinda. Mahakama ya Ulaya iliamua mwezi Machi 2011 kwamba si haki bei ya bima ipangwe kwa jinsia, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 kampuni za hapa zilikatazwa kumuuliza mtu kama ni mwanamke au mwanamume ili zimpangie bei. Vizuri sana. Lakini hakuna hakimu wa kuingia sebuleni kwetu na kuuliza kwa nini kila karatasi ya gari ina jina la baba.

Nije kwangu. Gari la pili tulilinunua kwa kulazimika. Baba watoto anafanya kazi kwenye ghala nje ya mji, anaondoka alfajiri na Avensis yetu. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Zamu yangu inaisha saa moja na nusu asubuhi, na watoto wanatakiwa wawe getini shuleni kabla ya saa tatu kasorobo. Kwa basi haiwezekani, nimejaribu. Tukapata Yaris ndogo iliyotumika.

Baba watoto alikuwa na miaka tisa ya kutodai kwenye Avensis, analipa pauni 480 kwa mwaka. Alijua, kama wengi wanavyojua, kwamba miaka ile tisa ni ya kwake, kwa hiyo ataiweka na kwenye Yaris. Akapiga simu, akaweka spika, nami nikiwa nasonga ugali. Kijana wa upande wa pili akamwambia kwamba punguzo lile ni lake kweli, ila tayari linafanya kazi kwenye Avensis, na linakaa kwenye gari moja tu kwa wakati mmoja. Yaris itaanza sifuri. Pauni 990.

Mume wangu akashangaa. Ni mimi yule yule, akamwambia, macho yale yale. Yule kijana akajibu kwamba mtu mmoja hawezi kuendesha magari mawili kwa wakati mmoja. Nikasema kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika, basi si ndiyo sababu ya kupunguza? Alicheka, lakini jibu alikuwa nalo, na nikiri ni jibu lenye akili: baba akiwa na gari moja, la pili litakuwa na mtu mwingine. Kampuni inajua kuna mikono mingine kwenye usukani, na mikono hiyo haina historia yoyote kwenye makaratasi yao.

Mikono hiyo ilikuwa yangu, imeshika mwiko.

Baada ya hapo akatuwekea njia mbili mezani. Ya kwanza, wangeweza kumnakilia baba watoto miaka yake tisa kwenye Yaris, kwa sharti kwamba magari yote mawili yakatiwe bima kwao. Pauni 720. Ya pili, bima ya Yaris iwe kwa jina langu, mimi nianze sifuri, mume wangu awe dereva wa pili. Pauni 960. Mume wangu akaniangalia kama anayesema jibu liko wazi. Tofauti ni pauni 240, na kwetu sisi hizo ni fedha. Kwa kiasi hicho unatuma nyumbani ukaezeka paa la banda la kuku na ukabakiwa. Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Nilisimama palepale kwenye 960.

Sababu zangu ni hizi. Miaka ya kunakiliwa ni ukarimu wa kampuni hiyo moja, si mali yako. Siku ukitaka kuhama, tuseme baada ya miaka miwili, kwa sababu wamepandisha bei, kampuni mpya inataka barua ya ushahidi, na barua mara nyingi itasema gari hili lina miaka miwili tu iliyochumwa na bima yake yenyewe. Ile mingine inabaki ilikotoka. Kwa hiyo bei nafuu ya leo inakufunga kwao, na wao wanalijua hilo. Pili, hata kama nakala ingekuwa nzuri, inazaa miaka mingine kwa jina la yule yule mwenye tisa tayari. Ya nini? Ngazi huwa zina kilele. Kampuni nyingi mtu mwenye miaka tisa na mwenye kumi na tano hawapishani kwa kitu kikubwa. Mwaka mmoja kwa mtu mwenye sifuri una thamani kubwa kuliko mwaka wa kumi kwa mtu mwenye tisa. Nafikiri hata asiyependa wanawake anaweza kuikubali hesabu hiyo.

Na kulikuwa na swali ambalo kijana aliliuliza haraka haraka kama dua ya chakula: dereva mkuu wa gari hili ni nani? Jibu la kweli lilikuwa mimi. Yaris ingeenda hospitalini na shuleni, baba watoto angeigusa Jumapili. Kumwandika yeye dereva mkuu ili bei ishuke ni udanganyifu, na hapa nataka niwe mkali kidogo, kwa sababu jamii yetu imelifanya jambo hili kuwa ujanja wa kawaida. Gari la kijana wa miaka 19 linakatiwa bima kwa jina la baba, baba ndiye anaandikwa dereva mkuu na hata funguo hajui ziliko. Siku likigonga, kampuni inachunguza, inaona gari linalala kila siku kwenye maegesho ya chuo kikuu mji mwingine, inafuta bima. Mtu akikamatwa barabarani bila bima, adhabu ya papo hapo ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari. Tena kwa mwenye leseni isiyofika miaka miwili, pointi 6 zinatosha kuifuta leseni yenyewe, arudi akafanye mitihani upya. Wazazi wanadhani wamemsaidia mtoto.

Waume nao nawaomba wasome hapa kwa makini, maana kuna faida yao. Mke akiwa dereva wa pili kwenye bima yako, akagonga nguzo ya supamaketi na mkadai, miaka inayoporomoka ni yako. Kampuni nyingi mwenye mitano wanamrudisha mitatu kwa dai moja. Akiwa na bima yake kwenye gari lake, ajali ya gari lile inakula miaka yake yeye. Kama bado umemweka dereva wa pili kwenye gari lako itabidi uitaje ajali ile, na bei inaweza kupanda, lakini ngazi yako haiguswi. Bado sijakutana na baba aliyelifikiria hilo kabla ya kunisuta.

Na msidhani ni wenye makosa tu wanaopoteza. Baba watoto aliwahi kukuta mlango wa Avensis umebonyea, aliyebonyeza ameshaondoka bila hata kikaratasi kwenye kioo. Hilo ukilidai linahesabiwa dai, kwa sababu kampuni haina mtu wa kumfuata irudishiwe fedha zake. Hawapimi nani mbaya, wanapima kama fedha zao zimerudi. Kuna kinga unayoweza kuiongeza ili dai moja au mawili yasikushushe ngazi. Inalinda miaka, bei yenyewe hailindi. Unabaki na miaka yako tisa kamili na bado mwaka unaofuata wanapandisha bei wanavyoona wao. Wengi wanainunua wakidhani wamefunga mlango.

Kuna jambo la kurudi nyumbani ambalo linatuhusu sisi kuliko Waingereza. Punguzo lisipotumika kwa miaka miwili, kampuni nyingi zinalihesabu limekufa. Na sisi tunarudi. Mtu anauguliwa na mama Tanga, anauza gari, anaenda mwaka, mwaka unazaa mwingine. Mwingine anasimamia nyumba yake Kibaha, fundi anamzungusha, anakuja kurudi Uingereza miaka mitatu imekatika na yeye ni sawa na mtoto aliyefaulu mtihani jana. Nyumba ambayo mume na mke kila mmoja ana bima yake haizimiki yote kwa pamoja. Mmoja akienda, aliyebaki anaendelea kuchuma kwa jina lake. Ndoa yenye karatasi moja, mwenye jina akiondoka na gari likauzwa, wote wawili wamerudi sifuri, na yule mke aliyebaki anapanda basi.

Nimewahi kujibiwa kwamba tukikata bima mbili tofauti tunapoteza bei ya pamoja. Si lazima. Zipo kampuni zinazokatia magari mawili ya nyumba moja chini ya mpango mmoja, kila gari na mwenye bima wake na miaka yake, na bado zikawapunguzia kwa kuwa mmeleta yote mawili. Ulizeni hivyo hivyo, kwa maneno hayo: gari hili jina la baba, gari lile jina la mama, miaka kila mtu na yake. Wakisema haiwezekani, kateni simu mpige kwingine. Mwenye kuona haya ya kupiga simu kwa Kiingereza ampe mtoto, watoto wetu wanawajibu vizuri zaidi kuliko sisi.

Halafu barua ya ushahidi. Bima inapoisha huwa wanaituma, siku hizi kwa barua pepe, na inataja jina la mwenye bima, tarehe ya mwisho na idadi ya miaka. Kuna akina dada ambao barua zao zinaingia kwenye barua pepe ya mume kwa sababu ndiye aliyejaza fomu. Badilisheni. Iingie kwako.

Mwaka wa nne nilihama kampuni nikiwa na barua yangu, Yaris ile ile, anwani ile ile, nikapata bima kwa pauni 410. Zile pauni 240 tulizogombania usiku wa ugali zilikuwa zimerudi zamani. Baba watoto sasa ni dereva wa pili kwenye gari langu, na Jumapili akilichukua nampa funguo na kumkumbusha kwamba miaka iliyomo humo si yake. Anacheka, lakini anaendesha taratibu.

Shoga yangu wa Mombasa anamaliza mwaka wake wa kwanza mwezi ujao. Ameshaniambia atatoa pilau.

Naamini zitakuja barua za kunipinga, na nyingine zitakuwa na aya za kunikumbusha wajibu wa mke. Wajibu naujua. Ninachokiomba kwa hao wataoandika ni kimoja: watuwekee bei waliyolipa, jina lililoandikwa kwenye bima, na nani anayewapeleka watoto shule na gari hilo.

Msomaji wako,
Muuguzi, mzaliwa wa Tanga
Leicester, Uingereza